Kufundisha Ulinganishaji wa Njia za Kupima Vitamini katika Damu

UTANGULIZI

Mwalimu wa sayansi aendaye kufundisha katika shule za Butiama hupita karibu na Mwitongo, mahali alipoishi na alipozikwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wageni wengi wafikao hapo humkumbuka kama mkuu wa nchi. Sisi walimu yatupasa kukumbuka pia kwamba alisomea ualimu Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, na kwamba kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949 alifundisha Biolojia katika shule ya St. Mary's, Tabora. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 alidai kwamba shule imjengee mwanafunzi akili yenye kudadisi, isiyopokea kila neno kwa sababu tu limeandikwa. Somo ninalolieleza katika makala haya ni jaribio dogo la kulitimiza dai hilo katika mada moja ya sayansi, nayo ni vipimo vya vitamini.

Nilianza kulitafakari somo hili kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Katika kipindi cha lishe niliandika ubaoni namba mbili zilizohusu watoto wa Tanzania wenye upungufu wa vitamini A: asilimia 24 mwaka 1997, asilimia 33 mwaka 2010. Kisha niliwataka wanachuo waeleze kwa nini hali imezidi kuwa mbaya. Walinijibu vizuri sana. Walitaja ukame, bei ya vyakula, na kupungua kwa mboga za majani mezani. Mmoja alihitimisha kwamba matone ya vitamini A wanayopewa watoto mara mbili kwa mwaka hayana faida, maana tangu yaanze kutolewa upungufu umeongezeka. Nilikuwa karibu kumpongeza. Ndipo mwanachuo wa dawati la nyuma alipoinua mkono na kuuliza: "Samahani, mkufunzi. Damu ya mara ya kwanza na damu ya mara ya pili, zilipimwa kwa njia moja?"

Sikuwa na jibu. Darasa zima lilikuwa limetafuta sababu za jambo ambalo halijathibitishwa kuwa limetokea, na aliyeliongoza huko ni mimi. Wiki mbili baadaye wanachuo hao walikuwa waende kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule ambazo wazazi wa wanafunzi ndio hao hao wanaopeleka watoto wadogo kupewa matone. Neno moja la mwalimu, "matone hayafai", lingetosha kumfanya mzazi akae nyumbani siku ya matone.

Hivyo basi nililipanga somo upya, nami nalitoa hapa ili wakufunzi wenzangu walitumie na kulirekebisha.

MADHUMUNI YA SOMO

Mwisho wa somo, ambalo huchukua vipindi vinne, mwanachuo aweze:

(a) kueleza tofauti kati ya kipimo chenye uthabiti na kipimo chenye usahihi;
(b) kulinganisha njia mbili za kupima kitu kimoja kwa kutoa, si kwa kutazama kwa macho tu;
(c) kueleza jinsi tofauti ndogo ya njia inavyoweza kubadili hesabu ya watu wenye upungufu;
(d) kuuliza "kwa njia gani?" kabla ya kuamini jibu la "kiasi gani?".

KUANZA SOMO

Yafaa kuanza na jambo linalojulikana. Mwulize mwanachuo: mfanyabiashara wa kwanza amenunua dagaa madebe 10 pale Musoma, na wa pili amenunua madebe 10 pale Bunda. Nani amepata dagaa wengi? Wengi watajibu kwamba wamepata sawa. Kisha eleza kwamba wa kwanza alipimiwa kwa debe lililosawazishwa mdomoni, na wa pili kwa debe lililojazwa hadi likafanya kichuguu. Hapo hapo darasa litacheka, maana kila mmoja ameona sokoni jinsi neno "debe" linavyoweza kuficha vipimo viwili. Mwalimu aandike ubaoni: Namba ni moja, njia ni mbili, kiasi si kimoja. Sentensi hiyo ibaki ubaoni hadi mwisho wa somo.

JARIBIO LA DARASANI

Damu ya mwanafunzi isitolewe darasani kwa hali yoyote, kwa sababu ya hatari ya kuambukizana UKIMWI na homa ya ini. Badala yake tunapima vitamini C katika maji ya matunda. Mantiki ya ulinganishaji ni ile ile, na zana hupatikana kwa bei nafuu.

Zana: vidonge vya vitamini C vya miligramu 100, iodini ya asilimia 2 kutoka duka la dawa, maji ya wanga wa muhogo yaliyochemshwa na kupozwa, rangi ya buluu iitwayo DCPIP kutoka maabara ya shule, bureti, au sindano za kupimia zisizo na ncha, machungwa, ndimu, mapera na maembe.

Njia ya kwanza: iodini. Ponda kidonge kimoja, kiyeyushe katika maji hadi kufikia sentimita za ujazo 100, kisha chuja. Kila sentimita moja ya ujazo sasa ina miligramu 1 ya vitamini C. Huu ndio mchanganyiko wa kulinganishia. Zimua iodini, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji. Weka sentimita 10 za mchanganyiko wa kulinganishia katika chupa, ongeza matone machache ya maji ya wanga, kisha dondoshea iodini polepole huku ukitikisa. Vitamini C huiondolea iodini nguvu ya kuubadili wanga rangi. Vitamini ikiisha, tone linalofuata hugeuza mchanganyiko kuwa wa buluu iliyokoza. Hapo ndipo pa kusimama na kusoma bureti.

Tuchukue mfano kwamba iodini iliyotumika ni sentimita 8.0. Maana yake ni kwamba miligramu 10 za vitamini zimemaliza sentimita 8.0, yaani kila sentimita moja ya iodini ni sawa na miligramu 1.25. Ikiwa sentimita 10 za maji ya chungwa zimemaliza sentimita 3.2 za iodini, basi zina miligramu 4.0, ambayo ni miligramu 40 katika sentimita 100.

Njia ya pili: DCPIP. Hapa kazi hugeuka. Rangi ndiyo iliyo ndani ya chupa, nasi tunadondoshea maji ya tunda mpaka buluu itoweke. Katika maji yenye ukali rangi huweza kupita kwenye uwaridi kabla ya kwisha. Tusubiri iishe kabisa. Mwalimu awe macho na kosa moja ambalo wanafunzi hulifanya mara nyingi: katika njia hii, tunda lililotumia matone mengi ndilo lenye vitamini kidogo, si nyingi. Tena maji ya embe, kwa rangi yake ya manjano, huficha mwisho wa mmenyuko. Hata kabla ya hesabu, mwanachuo ameona kwamba njia inayofaa kwa ndimu huenda isifae kwa embe.

Iandikwe pia kwamba njia zote mbili hazipimi vitamini C peke yake. Hupima kila kitu katika maji hayo chenye uwezo wa kufanya mmenyuko wa namna ile. Kinyume chake, vitamini C iliyokwisha kuunguzwa na hewa haionekani kwa njia yoyote kati ya hizo, ingawa mwili ungeweza kuitumia. Kila njia ina kile inachokiona na kile isichokiona.

UTHABITI NA USAHIHI

Mkufunzi atayarishe kwa siri mchanganyiko wenye miligramu 40 katika sentimita 100, avipe vikundi viwili, na kila kikundi kipime mara tatu. Matokeo ya mfano ni haya:

Kikundi cha kwanza: 37, 40, 43. Wastani 40.
Kikundi cha pili: 45, 46, 47. Wastani 46.

Uliza: kikundi kipi kimefanya vizuri? Aghalabu wanachuo hukisifu cha pili, kwa kuwa majibu yake yanakaribiana. Ndipo mkufunzi atoe siri yake. Kikundi cha pili kina uthabiti, lakini hakina usahihi. Kosa lake ni la kudumu, nalo huegemea upande mmoja. Cha kwanza kimeyumba, lakini wastani wake umefika panapotakiwa.

Kisha watafute chanzo. Katika mfano wetu, kikundi cha pili kilitumia mchanganyiko wa kulinganishia uliotengenezwa jana yake. Usiku kucha hewa iliunguza sehemu ya vitamini, kwa hiyo walichokiita miligramu 10 hakikufika miligramu 10, na kila tunda lililolinganishwa nacho likaonekana tajiri kuliko lilivyo. Kosa la kuyumba hupunguzwa kwa kupima mara nyingi. Kosa la kudumu halipungui hata ukipima mara mia. Huondolewa tu kwa kurudi kwenye kilinganishi na kukihakiki.

KULINGANISHA NJIA MBILI

Hatua hii ndiyo moyo wa somo. Andika ubaoni matokeo ya sampuli tano zilizopimwa kwa njia mbili:

Njia A: 20, 30, 40, 50, 60.
Njia B: 26, 36, 46, 56, 66.

Ukichora grafu, njia A chini na njia B pembeni, nukta zote tano zitakaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Mwanachuo aliyesoma takwimu atasema uhusiano ni kamili, kwa hiyo njia zinakubaliana. Mwombe atazame tena. Hakuna hata sampuli moja ambayo njia hizo zimeipa namba moja. Kwenda pamoja si kukubaliana. Watu wawili waweza kutembea pamoja safari nzima, mmoja akiwa hatua sita mbele daima.

Hatari ya kuuchukua uhusiano kuwa ndio makubaliano ilielezwa kwa ufasaha na J. Martin Bland na Douglas Altman katika jarida la Lancet mwaka 1986. Walishauri jambo lililo rahisi kwa darasa lolote: kwa kila sampuli, toa jibu la njia moja katika jibu la njia nyingine, kisha chora tofauti hizo dhidi ya wastani wa majibu mawili. Katika mfano wetu tofauti ni 6 kila mahali, na mchoro huionyesha mara moja.

Sasa weka mpaka. Tuseme kila sampuli iliyo chini ya 35 huitwa "yenye upungufu". Kwa njia A, sampuli mbili kati ya tano ziko chini ya mpaka, yaani asilimia 40. Kwa njia B ni sampuli moja tu, yaani asilimia 20. Matunda ni yale yale, na mpaka ni ule ule, lakini upungufu umepungua kwa nusu pasipo mtu yeyote kula chungwa hata moja. Toka hapa darasa huwa tayari kurudi kwenye damu.

KUTOKA MATUNDA HADI DAMU

Vitamini A katika damu imepimwa kwa njia mbalimbali, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya zamani ni ile ya Carr na Price ya mwaka 1926. Kemikali ya antimoni huchanganywa na vitamini iliyotolewa katika sampuli, na rangi ya buluu hutokea. Rangi hiyo hufifia katika muda wa sekunde chache, hivyo matokeo hutegemea sana wepesi wa mpimaji.

Njia ya pili ni kromatografia ya kimiminika. Majimaji ya damu hutenganishwa na chembe zake, retinoli (yaani vitamini A yenyewe) hutolewa, na kupitishwa katika bomba jembamba ambamo kila kitu husafiri kwa mwendo wake. Retinoli hufika mwisho ikiwa imejitenga na vingine, na hupimwa kwa jinsi inavyofyonza mwanga usioonekana kwa macho. Njia hii inaaminiwa sana. Lakini hudai damu ya mshipa, mashine ya kuzungusha, ubaridi, giza la kuikinga retinoli na mwanga, na mtaalamu aliyefunzwa. Fikiria kuvipeleka vyote hivyo hadi kijiji cha mbali.

Njia ya tatu haipimi vitamini yenyewe, bali protini inayoibeba katika damu. Tone la damu ya kidole hudondoshwa juu ya karatasi maalumu ya kuchujia, hukaushwa na kusafirishwa, kisha maabara huitambua protini hiyo kwa kutumia kingamwili. Kwa kuwa kila molekuli ya protini hubeba molekuli moja ya retinoli, kiasi cha moja hukaribia kiasi cha nyingine. Hukaribia, lakini hakilingani daima, maana baadhi ya protini huwa haijabeba kitu. Kwa sababu hiyo mpaka wa upungufu kwa protini hauwezi kuazimwa tu kutoka kwenye retinoli. Yafaa sehemu ya sampuli ipimwe kwa njia zote mbili ili mpaka upatikane kwa kulinganisha.

Wanachuo waelezwe pia kwamba mtoto akiwa na malaria au maambukizo mengine, retinoli na protini yake hushuka katika damu kwa muda, hata kama ini lina akiba. Tena ini hulinda kiwango cha damu kisishuke mpaka akiba yake inapokaribia kwisha. Hakuna njia ya maabara iondoayo haja ya kufikiri.

KURUDI KWENYE NAMBA MBILI

Sasa darasa liandike tena 24 na 33, na litafute njia. Namba ya mwaka 1997 ilitokana na retinoli katika majimaji ya damu, kwa watoto wa miezi 6 hadi 71. Namba ya mwaka 2010, iliyotokana na utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya, ilitokana na protini inayobeba retinoli, katika matone ya damu yaliyokaushwa, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kitu kilichopimwa ni tofauti, namna ya sampuli ni tofauti, na umri si ule ule.

Je, upungufu uliongezeka kati ya miaka hiyo? Kwa namba hizo mbili peke yake hatuwezi kusema ndiyo, wala hatuwezi kusema hapana. Yule aliyehitimisha kwamba matone hayana faida alijenga nyumba juu ya tofauti ya mizani.

Hapa mkufunzi ajihadhari asiliache darasa katika shaka tupu. Mwanafunzi akitoka na wazo kwamba "namba zote ni uongo", tumemdhuru kuliko tulivyomkuta. Shirika la Afya Duniani huita upungufu wa vitamini A tatizo kubwa la afya ya jamii pale ambapo asilimia 20 au zaidi ya watoto wako chini ya maikromoli 0.70 za retinoli kwa lita. Namba ya 1997 imepita kiwango hicho, na ya 2010 imekipita pia. Kwa swali "hali imebadilika kiasi gani?" namba hizi hazitoshi. Kwa swali "je, watoto wetu walihitaji kusaidiwa?" zote mbili zatoa jibu moja, nalo ni ndiyo. Kipimo huhukumiwa kwa swali linaloulizwa.

MAZOEZI

1. Fundi wa maabara amebadili kifaa cha kupimia. Eleza kwa nini yafaa apime sampuli kadhaa kwa kifaa cha zamani na kipya kabla ya kukiacha cha zamani.

2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, nao ulikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya majimaji ya damu. Kipimo kilifanywa kwa kromatografia iliyounganishwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli. Mwanafunzi amepata namba ndogo zaidi ya watu wa mjini, iliyopimwa kwa kingamwili mahali pengine. Andika maswali matatu atakayouliza kabla ya kuandika kwamba watu wa mjini wana upungufu.

3. Maabara nyingi za dunia hupelekewa sampuli moja ya vitamini D, kisha majibu yao hulinganishwa; mpango mmoja wa namna hiyo ulianza Uingereza mwaka 1989. Ukitumia matokeo ya vikundi viwili vya darasani, eleza mpango huo waweza kugundua kosa la aina gani ambalo maabara moja peke yake haiwezi kuligundua.

HITIMISHO

Wanachuo wale walikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha baada ya kulirudia somo. Nilipomkagua yule aliyekuwa amesema matone hayana faida, nilimkuta darasani na debe mbili mezani, moja limesawazishwa na moja lina kichuguu. Baada ya kipindi, mzee mmoja wa kamati ya shule aliyekuwa amekaa nyuma alimwuliza: "Mwalimu, kwa hiyo wajukuu zangu niwapeleke kwenye matone au nisiwapeleke?" Naye akamjibu, "Wapeleke, babu. Bado hatujajua kama upungufu umeongezeka, lakini tunajua upo."

Katika daftari la ukaguzi nilimwandikia alama yake, na chini yake nikaandika kwamba swali la mwenzake wa dawati la nyuma limezaa matunda.